Kusoma katuni za kila wiki na kuziandikia maoni: mwongozo kwa wasomaji wa Kigoma

Hadithi ya katuni inayotoka kila wiki huja kwa vipande vya kurasa tano au sita. Msomaji anakimaliza kipande kabla chai haijapoa, anaandika kwenye kundi la WhatsApp "noma sana" au "wameharibu", na wiki inayofuata anageuza kauli. Ameonja mboga ikiwa jikoni, akatoa hukumu ya karamu nzima. Hapa tunaeleza namna ya kusoma kipande kama kipande, kuandika maoni ambayo hutayaonea haya baada ya miezi miwili, na kukwepa mitego inayowanasa wasomaji wengi, hasa wanaosomea kwenye simu, tena kwa bando la kujipimia.

Uchaguzi wa cha kufuata

Jarida la Uingereza liitwalo 2000 AD lilianza Februari 1977 na hutoka kila Jumatano. Lina kurasa 32 na kwa kawaida hadithi tano, nyingi za kisayansi za kubuni. Toleo moja wenyewe huliita "prog", na mashabiki hulitaja kwa namba. Judge Dredd, askari wa mji wa siku za usoni ambaye pia ni hakimu, aliingia toleo la 2 na mpaka leo ndiye nguzo ya jarida. Anayetaka kujifunza kuandika maoni aanzie hapa. Vipande ni vifupi, waandishi na wachoraji hutajwa kila hadithi, na namba za matoleo hazijawahi kurudishwa mwanzo tangu 1977. Toleo la 2000 lilitoka mwaka 2016.

Wajapani wana Shonen Jump, jarida la kila wiki lililoanza 1968. Sura moja ya manga, yaani katuni ya Kijapani, huwa na kurasa karibu 19, nyeusi na nyeupe. Tangu Januari 2019 kuna programu ya Manga Plus ya kampuni inayolichapa jarida hilo, na humo sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni za hadithi zinazoendelea husomwa bure. Lugha ya Kiswahili haimo, kwa hiyo utasoma kwa Kiingereza au Kifaransa. Sura mpya hufunguliwa ikifika saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu kule Japani, ambayo kwetu ni Jumapili saa kumi na mbili jioni. Kwa msomaji wa Kigoma hiyo ni saa nzuri kweli, maana huku magharibi jua huchelewa kuzama, na saa hiyo bado linaning'inia juu ya milima ya Kongo. Unasoma nje, bila taa.

Katuni za mashujaa za Marekani zina mpango mwingine. Kila jina hutoka mara moja kwa mwezi, wakati mwingine mara mbili, likiwa na kurasa 20 na ushee za hadithi, lakini kila Jumatano kuna majina mapya sokoni. Ndiyo maana shabiki wa Batman na Spider-Man naye husoma kila wiki. Toleo moja ni dola 3.99 au 4.99, na mengine hupita hapo. Ukifuata majina manane, piga hesabu kwa shilingi kabla hujamwambia mama watoto. Marvel wana huduma ya kulipia kwa mwezi, Marvel Unlimited, ambako matoleo huingia miezi mitatu hivi baada ya kutoka dukani. Ni nafuu kubwa, ila maoni yako yatakuwa ya jambo ambalo wengine wameshalizika.

Chukua hadithi moja ya wiki na jina moja la mwezi. Ukizidisha hapo, baada ya wiki sita hutakumbuka nani alimsaliti nani, na maoni yataanza kusema "nadhani huyu ni yule wa zamani".

Bando, faili na simu

Usitegemee kuzikuta katuni hizi kwenye meza za magazeti za Mwanga. Njia ni mtandao, na malipo hufanywa kwa kadi, iwe ya benki au ile ya mtandaoni inayofunguliwa ndani ya pochi ya simu. Weka kwenye kadi kiasi cha kununulia tu na nyongeza kidogo ya makato ya kubadili fedha. Malipo mengi hukataa si kwa sababu kadi ni mbovu, ila salio limepungua kwa shilingi mia chache baada ya makato.

2000 AD huuzwa kama faili unazopakua ukabaki nazo, aina ya PDF au CBZ. CBZ isikutishe: ni faili la zip la kawaida lililojaa picha, ukurasa mmoja picha moja. Simu ikigoma kuifungua, badilisha herufi za mwisho za jina la faili kutoka .cbz kuwa .zip, fungua, picha zote utaziona. Kwenye Android, Perfect Viewer huifungua moja kwa moja. Kwenye kompyuta ya Windows kuna CDisplayEx. Kasoro inayojitokeza sana ni kurasa kuruka, kwamba baada ya ukurasa wa 1 unakuja wa 10, wa 11, ndipo wa 2. Hilo hutokea pale majina ya picha yalipoandikwa 1, 2, 3 badala ya 01, 02, 03. Yape majina upya kwa tarakimu mbili na mpangilio utakaa sawa. Ukikuta maoni ya mtu yanalalamika kwamba "hadithi inarukaruka haieleweki", muulize kwanza alisomea wapi.

Kujua kipande kinakula MB ngapi, ingia mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, andika tarakimu ya programu hiyo kabla ya kusoma na baada. Fanya hivyo wiki mbili, utakuwa na kipimo chako mwenyewe. Kwa faili za kupakua, pakua usiku kwa bando la usiku, soma kesho yake bila mtandao. Umeme ukikatika Jumatano jioni hutapoteza kitu.

Skrini ndogo ina dhambi moja kubwa. Programu nyingi zina njia ya kuonyesha kisanduku (fremu moja ya mchoro) kimoja kimoja, kikijaa skrini nzima. Macho yanapumzika, lakini ukurasa unakufa. Mchoraji amepanga visanduku kwa ukubwa na upana ili jicho likimbie hapa na lisimame pale. Ukipewa kimoja kimoja vyote vinakuwa sawa, na hutajua kwamba kile cha mlipuko kilimeza nusu ya karatasi. Kwa hiyo kila ukurasa uone kwanza mzima, hesabu moja mpaka tatu, ndipo uvute karibu usome maneno. Kurasa mbili zikiwa picha moja, laza simu.

Manga husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, visanduku na viputo vya maneno vyote. Ukikosea mwelekeo, jibu litakuja kabla ya swali na mtu atalia kabla hajapigwa ngumi. Baada ya sura mbili jicho linazoea.

Namba za matoleo

Maoni yasiyo na namba sahihi hayamfai mtu baada ya mwaka. Kwa 2000 AD namba ya toleo inatosha, ongeza sehemu ya ngapi ya hadithi. Kwa manga, namba ya sura inatosha; My Hero Academia, kwa mfano, ilikwenda sura ya 1 mpaka ya 430 bila kukatika, 2014 hadi 2024.

Kwa Wamarekani jihadhari. The Amazing Spider-Man ilianza namba 1 mwaka 1963, kisha ikaanzishwa upya kwa namba 1 mwaka 1999, ikaanzishwa tena 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025. Ukiandika "Spider-Man namba 5 ni tamu", umetaja matoleo saba yenye hadithi saba tofauti. Andika jina, mwaka ambao mfululizo huo ulianza, halafu namba. Tarehe ya jaladani nayo si ya kuaminiwa: kwa desturi ya zamani ya wachapaji wa Marekani, huandikwa mwezi wa mbele. Toleo lililomleta Superman lina tarehe ya Juni 1938 lakini liliuzwa tangu Aprili. Kwenye daftari lako andika siku uliyosoma wewe.

Daftari lenyewe liwe kaunta buku ya kwaya mbili, ile ya kurasa 192. Kwa kurasa mbili kwa wiki, inakutosha wiki 96. Simu inafaa kwa kutuma maoni, haifai kuyatunza. Ikidondoka ziwani pale Kibirizi, mwaka mzima umekwenda na maji.

Kusoma mara tatu

Mara ya kwanza soma kama shabiki. Kalamu iwe mbali. Kurasa tano huchukua dakika nne au tano, na unachotafuta ni kimoja tu, wapi moyo uliruka, wapi ulichoka, wapi ulirudi nyuma kwa kutoelewa. Ukimaliza, kabla hujafanya lolote, andika neno moja au mawili: "nimecheka", "nimechoka uk. 3", "roho juu". Hayo ndiyo maoni yako ghafi, na hayarudi tena. Ukishaona watu kwenye kundi wanasema kipande kibovu, hutakumbuka kwamba wewe ulicheka.

Mara ya pili hesabu. Kila ukurasa una visanduku vingapi? Vitano au sita ni kawaida. Ukurasa wenye tisa unabana pumzi, wenye viwili unakufungulia dirisha. Visanduku visivyo na maneno ni vingapi na viko wapi? Kisanduku cha mwisho cha kila ukurasa kinafanya nini? Mwandishi mzuri wa kila wiki huweka pale jambo linalokulazimisha ufungue: mlango unaogongwa, uso unaogeuka, sentensi iliyokatwa. Kisha tazama kisanduku cha mwisho kabisa cha kipande, pale pa "itaendelea". Swali linaloachwa hapo ni jipya, au ni lile lile la wiki jana limevalishwa koti lingine? Hadithi ikikuacha na swali moja wiki tatu mfululizo, mwandishi anavuta muda.

Kipande cha kurasa tano kina kazi nyingi za kufanya kwa nafasi finyu. Kinapaswa kumkumbusha aliyesahau, kimpokee aliyeanza leo, kisogeze jambo moja mbele, na kimwache msomaji roho juu. Kikumbusho ndicho huharibika kwanza. Utawaona watu wawili wanaojuana miaka kumi wakielezana majina na kazi zao kama wako kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kinachofanywa vizuri hutumia picha: kovu, gari lililopondeka tangu wiki jana, mkono uliofungwa bandeji. Tafuta kikumbusho kiko wapi, kimekula visanduku vingapi. Vikizidi vinne katika kurasa tano, una la kuandika.

Mara ya tatu soma maneno peke yake, halafu picha peke yake. Ziba viputo kwa kidole ukitaka. Kama picha zinaeleweka bila maneno, mchoraji kafanya kazi yake. Kama maneno yanarudia kilichochorwa ("Anapiga mlango teke!" na mtu anaonekana akipiga mlango teke), mmoja kati ya wawili hakumwamini mwenzake.

Hapo ndipo yanapohitajika majina. 2000 AD huyaweka kwenye kisanduku kidogo ndani ya hadithi yenyewe: aliyeandika, aliyechora, aliyepaka rangi, aliyeandika herufi. Yanakili yote. Kosa la kila siku ni kumlaumu mchoraji kwa msuko dhaifu wa hadithi, au kumsifu mwandishi kwa ukurasa wa kimya ambao uzuri wake ni wa wino. Mwandika herufi husahaulika zaidi ya wote, na ndiye anayeamua jicho lako lianze kiputo kipi. Ukijikuta umesoma jibu kabla ya swali kwenye katuni ya Kiingereza, kwa kawaida viputo vimepangwa vibaya. Usiende kumlaumu mwandishi.

Kuandika

Maneno 100 hadi 150 yanatosha kipande kimoja. Zaidi ya hapo unasimulia upya. Yaandike siku hiyohiyo, kabla ya kufungua kundi.

Tuchukue mfano wa kubuni: hadithi ya mlinzi wa kituo cha angani na roboti yake, sehemu ya 3. Maoni ya kawaida yangekuwa hivi:

"Kipande kikali sana, michoro ya hatari, roboti ananichanganya, wiki ijayo itakuwa moto."

Hakuna kosa hapo, wala hakuna kitu. Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye katuni yoyote, wiki yoyote. Tazama sasa haya:

"Sehemu ya 3. Mlinzi anagundua mlango wa ghala ulifunguliwa kwa ndani, na roboti inasema haijui lolote. Kilichonishika ni kisanduku cha 4, ukurasa wa 3: roboti imechorwa kwa nyuma, hatuoni taa za macho yake, na ni mara ya kwanza tangu hadithi ianze. Mchoraji katunyima macho makusudi. Kilichonikwaza ni ukurasa wa 2: mlinzi anasimulia historia ya kituo kwenye viputo vitatu huku king'ora kinalia. Hakuna anayehutubia nyumba ikiungua. Nabashiri roboti hadanganyi. Kumbukumbu yake imefutwa. Kama ndivyo, tutaonyeshwa aliyeifuta kabla ya sehemu ya 6."

Kuna tukio kwa sentensi moja, kisanduku kimoja kilichotajwa kwa namba, kasoro moja pamoja na sababu yake, na ubashiri wenye siku ya kuujaribu. Anayebisha anaweza kufungua ukurasa wa 3 akaangalia mwenyewe, akajibu, "Ndugu yangu, rudi sehemu ya 1, ukurasa wa 5, macho hayakuonekana pia." Hapo mazungumzo yameanza.

Tenganisha mambo mawili kwa nguvu zote: kipande hiki kimefanya nini, na hadithi nzima inaelekea wapi. La kwanza unaweza kulihukumu leo. La pili liandike kama ubashiri, kwa kalamu ya rangi nyingine. Malalamiko ya "hawajatueleza huyu ni nani" katika sehemu ya 2 kati ya 10 ni haraka isiyo na baraka. Lakini kama hujamwelewa anasema nini, au hujui yuko chumba gani, hilo ni kosa la kipande na una haki ya kulalamika leo.

Hadithi fupi za kipande kimoja zina sheria yake. 2000 AD huzichapa kwa jina la Future Shocks: kurasa chache, mwisho wenye kigeuko. Hapo hukumu hadithi nzima palepale. Soma mpaka kigeuko, kisha rudi ukurasa wa kwanza utafute kama ulipewa dalili. Kama zipo na hukuziona, umeshindwa kihalali. Kama hazipo, mwandishi kakuchezea karata tatu.

Milio na rangi kwa Kiswahili

Unasoma kwa Kiingereza, unaandika kwa Kiswahili, na kikwazo cha kwanza kitakuwa milio ile mikubwa iliyochorwa. Usiinakili. Kiswahili kina utajiri wa viigizi ambao lugha nyingi zingeutamani. Mtu akianguka majini, ni chubwi. Akianguka chini kwa kishindo, pu. Fimbo ikivunjika, ka. Baada ya mlipuko, mji unanyamaza jii. Kisanduku kimejazwa wino, ni cheusi tii. Theluji ni nyeupe pee. Ghala ni giza totoro. Sentensi "anaanguka kurasa mbili nzima, kisha chubwi, kisha jii" inamweleza msomaji mwendo wa ukurasa kuliko aya ya sifa.

Kwa vitu vingine tumia majina yanayoeleweka mtaani. Steringi ni steringi, adui ni adui. Panapohitajika neno la kazi, kisanduku, kiputo, jalada, mwendelezo na toleo vinatosha. Majina ya watu na miji ya kubuni yaache yalivyo; Mega-City One, mji wa Judge Dredd, ukiuita Jiji Kubwa la Kwanza, hakuna atakayekuelewa.

Kupima sayansi yake

Katuni ya kisayansi si kitabu cha fizikia, na anayesoma akitafuta makosa tu atajikosesha uhondo. Ila kuna swali halali: je, hadithi inafuata sheria ilizojiwekea? Kama wiki ya 1 tuliambiwa silaha ina risasi sita, wiki ya 4 zihesabu.

Kwa ukubwa na umbali, tumia vipimo vya hapahapa. Meli ya Liemba ina urefu wa karibu mita 70. Chombo cha angani kikitajwa kuwa na mita 700, pangilia Liemba kumi kichwani, halafu tazama madirisha na watu waliochorwa: wanalingana? Wachoraji wengi huteleza hapo, mlango wa meli kubwa unatoka mdogo kuliko wa kibanda cha chipsi. Shujaa akipiga mbizi, kumbuka kila mita 10 za maji huongeza presha sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, kwa hiyo huko chini ni zaidi ya mara 140. Aliyejengwa kwa chuma sawa. Mwenye koti la mpira na miwani, mwandishi atupe sababu.

Zipo hadithi zinazojigamba kwa sayansi ya kweli, na hizo zipimwe kwa ukali zaidi. Dr. Stone, iliyoandikwa na Riichiro Inagaki na kuchorwa na Boichi kuanzia 2017 hadi 2022, inahusu kujenga upya ustaarabu kuanzia mawe, na mapema kabisa inagusa sabuni. Msomaji wa Ujiji ana faida isiyo ya kawaida hapo. Nenda kwa wanaopika sabuni ya mawese, uulize: mafuta, maji, kostiki. Kostiki ikipungua sabuni inabaki na mafuta. Ikizidi inachubua mikono. Ukishaona sufuria hiyo, unajua ni hatua zipi katuni imezionyesha na zipi imezirukia kwa kisanduku kimoja cha "na hatimaye". Kuruka kwenyewe si dhambi. Andika tu kilichorukwa ni kigumu kiasi gani.

Vifo

Mtaani tunasema steringi hafi. Superman aliuawa kwenye toleo lililouzwa Novemba 1992, na mwaka 1993 alikuwa amesharudi. Kwa mashujaa wa Marekani, ukiona jeneza andika maoni kuhusu namna kifo kilivyochorwa, waliomlilia, na nafasi inayoachwa; usiandike "safari imeisha". Wao pia hawazeeki: kijana aliyeumwa na buibui mwaka 1962 hajafika hata miaka arobaini.

Judge Dredd ni kinyume chake. Ulimwengu wake uko miaka 122 mbele ya wetu, na mwaka mmoja kwetu ni mwaka mmoja kwake. Anazeeka. Jeraha alilopata zamani linaweza kumsumbua leo, na waliokufa kwa kawaida hubaki wamekufa. Maoni ya kifo katika hadithi kama hii yana uzito mwingine, kwa hiyo fahamu kwanza uko kwenye ulimwengu upi kabla hujaandika "watamrudisha tu".

Kundi la WhatsApp

Uhondo humwagwa, yaani mtu husimuliwa kipande kabla hajakisoma, kwa njia mbili. Kwanza, kurasa za manga huvuja mtandaoni siku kadhaa kabla ya Jumapili, zikiwa na tafsiri ya haraka ambayo mara nyingine humgeuza msemaji au kufuta "si" iliyobadili maana yote. Anayezisoma huingia kwenye kundi Ijumaa na hasira ya jambo ambalo halikusemwa. Pili, mwenye bando husoma Jumatano, asiye nalo husoma Jumamosi.

Sheria inayofanya kazi ni ya saa 72: kwa siku tatu tangu kipande kitoke rasmi, ujumbe uanze na jina na namba, uachwe mistari mitupu kumi, ndipo maoni. Picha za kurasa zisiwekwe kabisa katika muda huo, maana picha haifichiki kwa mistari mitupu. Kisanduku kimoja cha kuonyesha hoja yako kinatosha hata baadaye. Toleo zima kulirusha kwenye kundi, au kulitoa kopi steshenari na kuuza, ni kuiba kazi ya watu, na ni kujikatia mwenyewe tawi: hadithi isiyonunuliwa hufutwa katikati.

Bishaneni kwa namba za kurasa. Mtu akisema "dada, hukuelewa", ajibiwe "ukurasa wa ngapi?" Wengi hunyamaza hapo, wachache hurudi na jibu la maana.

Hadithi ikiisha

Vipande vyote vikishakamilika, kaa navyo mkao mmoja. Hadithi ya sehemu kumi ni kurasa 50 hadi 60, kiasi cha saa moja. Soma bila daftari, kisha fungua daftari na uweke alama kwenye kila ubashiri: vema, kosa, au X kwa swali ambalo hadithi yenyewe haikulijibu. Hizo X ndizo zinazostahili maoni marefu ya mwisho, kwa sababu sasa mwandishi hana tena kisingizio cha "itaendelea".

Utakuta pia vipande vilivyokuchosha wiki ile lakini vinabeba mzigo ukisoma kwa pamoja, na vingine vilivyokurusha roho wakati ule ambavyo sasa ni kelele. Usifute maoni ya zamani. Andika pembeni, kwa tarehe mpya, kilichobadilika.

Shonen Jump hupumzika mwaka mpya, mwishoni mwa Aprili kuingia Mei, na katikati ya Agosti. Waandishi nao huchukua wiki za mapumziko kila mmoja kwa wakati wake. Ukifungua programu Jumapili saa kumi na mbili ukakuta hamna kitu, usizime simu ukaiwasha tena wala usinunue bando jingine. Angalia chini ya sura ya mwisho uliyosoma, tarehe ya inayofuata imeandikwa hapo.